Siku Mtangazaji Alipouliza Kuhusu Nusu ya Tanuri

Kwanza mnisamehe mwandiko wangu. Herufi zangu huegemea upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na maneno marefu huyaandika mara mbili kwenye karatasi nyingine kabla sijayaamini. Nilisoma hadi darasa la nane tu, na kalamu yangu haina mbio. Ukurasa wa kwanza pekee umenichukua asubuhi nzima, hadi mama mdogo, dada ya mama, ninayekaa naye hapa Kianjai akaniuliza kama naandika wosia. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni tu kama lilivyotakiwa kuwa.

Sababu ya kuandika ni hii. Juzi redioni watu wawili walikuwa wakibishana kama watangazaji maarufu wa televisheni wanaweza kuwafanya vijana waipende kazi ya akiolojia. Mmoja alisema wanaweza, kwamba bila sura inayojulikana hakuna kijana atakayejali vigae na mifupa. Mwingine alikataa, akasema televisheni inataka maajabu na akiolojia inataka subira. Kisha wakaomba wasikilizaji wapige simu. Nilishika simu yangu mpaka kipindi kikaisha. Kuongea na watu nisiowaona hunishinda, na hata ninaowaona hunishinda. Lakini jambo hilo nililiona kwa macho yangu, na lilinitoa katika kazi pekee niliyowahi kuipenda.

Nyumbani kwetu ni karibu na Karurumo, upande wa Embu. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na ndugu yake, baba mdogo. Ni mtu wa kazi na wa mzaha, na mimi aliniita "mama" kwa sababu nimepewa jina la mama yao. Siku moja alikuwa akichimba shimo la choo nyuma ya muguka wake, ile miraa ya kwetu, akafikia udongo uliochomeka ukawa mwekundu kama tofali. Katikati yake kulikuwa na mawe meusi mazito yenye vitundu. Wazee huyaita mavi ya chuma, yaani taka zilizobaki watu wa zamani walipoyeyusha mchanga wa mtoni wapate chuma. Mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi alipiga picha akazituma chuo kikuu, na baada ya muda akaja Daktari.

Hakuwa daktari wa kutibu. Alikuwa mwanaakiolojia, mwalimu wa chuo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, lakini wanafunzi wake walimwita Daktari na sisi tukamwita hivyo. Wiki ya kwanza akina mama watatu walimletea watoto wenye kikohozi. Aliwasikiliza wote kwa heshima kisha akawaelekeza zahanati.

Baba mdogo hakumwekea masharti. "Chimba, Daktari," alimwambia. "Ukishindwa kupata kitu uniachie shimo. Mimi choo changu bado nakitaka."

Niliajiriwa kubeba udongo na kuuchekecha. Siku za kwanza nilidhani ni kazi ya shamba kama nyingine. Kisha Daktari akanipa mwiko kama wa mwashi na brashi, akanifundisha kupima miraba kwa kamba na misumari na kukwangua udongo tabaka kwa tabaka. Kila kitu kilichotoka kiliandikwa kilikuwa mraba gani na kina gani, kikatiwa katika mfuko wake. "Kigae kilichotolewa bila kuandikwa kilikokuwa ni taka tu," alisema. Shuleni nilichekwa kwa sababu ya kuwa polepole. Pale polepole yangu ndiyo iliyotakiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na kwa mara ya kwanza mtu alisimama nyuma yangu akatazama mikono yangu akasema, "Usiongeze kasi. Hivyo hivyo."

Lile tanuri la kuyeyushia chuma lilipojitokeza lote lilikuwa duara, kama beseni kubwa la kufulia, ukuta wake udongo uliochomeka. Tulipitisha kamba katikati. Tukachimba upande mmoja tu, mpaka chini, na upande wa pili tukauacha kama ulivyo. Nilishangaa. Kwetu mtu akianza kuvuna anavuna yote.

"Tunaacha nusu," Daktari alinieleza, "kwa ajili ya wale watakaokuja wakijua zaidi yetu. Watakuwa na vyombo ambavyo sisi hatuna. Tukimaliza yote, wao watauliza nini?"

Tena nusu ile ilikuwa na jambo la karibu zaidi. Makaa ya upande tuliouchimba yalikuwa yameingiliwa na mizizi ya muguka, kwa hiyo hayangeweza kusema ukweli kuhusu umri wa tanuri. Katika nusu iliyobaki, chini ya ukuta, kulikuwa na makaa safi. Msimu uliofuata mtaalamu angekuja kutoa kipande kidogo tu, kama ukucha, bila kuvuruga mengine. Majibu yake yakiwa mazuri, Daktari angeruhusiwa kuchimba pale kwa miaka mitatu, na mimi angeniandika kama fundi wake wa kudumu. Alinieleza kwamba katika kazi yao wako mafundi walioishia darasa la saba, na maprofesa hawaanzi kuchimba kabla mafundi hao hawajafika. Nililala na maneno hayo kama mtoto anayelala na viatu vipya.

Shida ya Daktari ilikuwa watu. Darasani kwake alikuwa na wanafunzi wanne, na wawili kati yao walikuwa wamekosa nafasi ya kusoma sheria. Alikuwa amezunguka shule nyingi akieleza kazi yake, na swali aliloulizwa sana ni kama inalipa. Ndipo rafiki yake akamwambia amlete mtangazaji mmoja wa televisheni, mwanamke wa kipindi cha kuzunguka nchi, ambaye kila nyumba ilimjua. Kwetu hata mbuzi walisimama akicheka. Mtangazaji mwenyewe alikubali haraka, na hakuomba chochote.

Daktari alinichagua mimi niseme. Nilimwambia siwezi.

"Nikisema mimi, watasema huyo ni mwalimu," alinijibu. "Ukisema wewe, msichana wa hapa hapa, kijana aliye nyumbani anatazama atasema hata mimi naweza. Ni sentensi moja tu. Atakuuliza kwa nini mmeacha nusu, na wewe utamwambia."

Kwa wiki nzima nilikariri. Tunaacha nusu kwa ajili ya wale watakaokuja wakijua zaidi yetu. Niliisema nikikata majani ya ng'ombe, nikaisema nikiwapa mbuzi maji. Baba mdogo alipita akasimama.

"Mama, unahubiria mbuzi?"

"Najizoeza."

"Wakiokoka uniambie, niache kuwafunga."

Siku yenyewe ilikuja na jua kali. Majirani walijaa mpakani, wengine wamevaa nguo za kanisani. Mtangazaji alishuka kwenye gari akiwa na buti za mpira, akasalimia akina mama mmoja mmoja kwa mkono, akaniona nimesimama juani akanipa chupa yake ya maji. Nataka mjue hivyo. Alikuwa mtu mzuri.

Kamera ilipowashwa alichuchumaa kando ya shimo, nami nikachuchumaa upande wa pili. Aliuliza mambo madogo kuhusu mwiko na brashi, nikaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha kidole pale tulipoacha.

"Na hii nusu, dada, kuna nini ndani yake?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa "kwa nini". Hakuuliza kwa nini. Najua mtu mwingine angesema tu sentensi yake, swali liwe lolote. Mimi sentensi ilifungiwa mlango. Nikafanya kile nilichofunzwa tangu utotoni kufanya mgeni wa heshima anaponiuliza jambo: niliangalia chini. Nakumbuka mguu wangu ulisogea ukasukuma udongo kidogo juu ya ukingo.

Mtangazaji akacheka kile kicheko chake, akaigeukia kamera. "Haya! Amekataa kusema! Siri ya Karurumo bado iko ardhini!"

Watu wote walicheka, na mimi pia nikacheka, nikidhani imepita.

"Tunaweza kurudia?" Daktari aliuliza.

"Usiguse, Daktari," mtangazaji akasema. "Hii imetoka safi. Ni ya kweli."

Kipindi kilionyeshwa Jumamosi jioni. Sebule ya baba mdogo ilijaa mpaka watoto wakakaa chini ya meza. Daktari alikuwa ameeleza kwa karibu saa nzima habari ya makaa, habari ya wahunzi, na kwa nini nusu huachwa. Katika kipindi alionekana akitamka maneno machache kisha muziki ukamfunika. Halafu nikaja mimi. Uso wangu ulijaza kioo chote, macho chini, mguu ukisukuma udongo polepole kuliko ulivyosukuma siku ile. Nilisikia mama mmoja akisema kwa Kiembu kwamba huyu mtoto anajua kitu.

Sitaki kuficha mazuri. Wiki mbili za kwanza niliamini tumeshinda. Mwalimu mkuu alileta darasa la sita, na wasichana waligombania mwiko. Mmoja aliniuliza kama mtu akiwa mchimbaji anaruhusiwa kuwa na kucha ndefu, nikamwambia zitavunjika, akafikiri sana akasema basi atazikata. Daktari alinipigia simu kutoka chuoni. Vijana tisa walikuwa wamemwandikia baada ya kuona kipindi, wakitaka kujua watasomaje akiolojia. Miaka yote aliyozunguka shuleni hakuwahi kupata barua tisa. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Umeona?" alisema. "Umeona yule mtangazaji?"

Lakini kituoni, kule madukani, mambo yalikuwa mengine: ilishavumishwa kwamba nusu ile ina dhahabu. Kwenye mashine ya kusaga, kijana aliyekuwa akipima unga alinifokea mbele ya foleni: "Kilo mbili tu? Na dhahabu yote hiyo?" Wa bodaboda wakanibandika jina. "Siste wa Siri! Leo umebeba?" Mmoja alinifuata hadi njia ya nyumbani akinibembeleza. "Nionyeshe tu. Sigusi. Naangalia na macho." Ningewaambia nini? Nilitabasamu nikaangalia chini, na kila nilipoangalia chini wakazidi kuamini.

Daktari alikuwa amefunika shimo kwa turubai na kulizungushia kamba kabla ya kurudi chuoni, akaniachia nilichunge mpaka msimu mwingine. Watu walianza kuja kuchungulia. Mwanzoni baba mdogo aliwafukuza. "Hapa si sokoni," aliwaambia. Kisha akaanza kuniuliza mwenyewe, kwanza kwa utani, halafu bila utani. Siku moja alinikuta nafua.

"Mama, hao watu wa chuo walikuambia nini kuhusu ile nusu?"

"Walisema iachwe."

"Mtu akivuna nusu ya shamba akaacha nusu, si ana mpango wa kurudi?"

"Ni ya watu watakaokuja baadaye."

"Watu gani? Wana majina?"

Nikatazama beseni.

"Unaona?" akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Hata mimi unaniangalia vile ulimwangalia yule wa TV. Mimi niliyekulea."

Ilikuwa Ijumaa, mchana. Nilikuwa nikipalilia maharagwe upande wa chini niliposikia mtaimbo ukigonga kitu kigumu. Nilijua sauti ile. Udongo uliochomeka haulii kama udongo mwingine. Nilikimbia nikiwa na jembe mkononi. Turubai lilikuwa limetupwa juu ya muguka. Baba mdogo alikuwa ndani ya shimo, shati amelivua, na vijana wawili wa jirani walikuwa naye. Ukuta wa tanuri ulikuwa tayari umepasuka katikati.

Hapo nikaongea. Nikapaza sauti mpaka nikaogopa mwenyewe.

"Tunaacha nusu kwa ajili ya wale watakaokuja wakijua zaidi yetu!"

Kijana mmoja akapiga makofi. "Eh! Sasa bubu ameongea!"

"Baba mdogo, hakuna dhahabu. Ni makaa. Daktari anataka makaa tu."

Aliinua uso. Jasho lilikuwa likimwingia machoni. "Makaa? Mtu atoke chuo kikuu afuate makaa kwangu?"

"Naapa."

"Ungesema siku ile, mama. Watu wote walikuwa wakikusikiliza. Siku ile ungesema, ningeamini."

Akainama akaendelea. Niliwaza kuruka ndani nimshike mkono. Sikuruka. Ni mzee wangu. Nilisimama pale ukingoni mpaka shimo likawafika kifuani. Walitoa mavi ya chuma, wakatoa udongo mwekundu, wakatoa vipande vya yale mabomba ya udongo ambayo wahunzi walipulizia moto, wakavirusha vyote rundo moja. Makaa yalitoka pamoja na mizizi na udongo wa juu, yakakanyagwa. Hapakuwa tena na juu wala chini.

Vijana waliondoka wakitukana. Baba mdogo alikaa ukingoni, miguu ikining'inia.

"Ni hii tu?" aliniuliza.

"Ni hii tu."

Aliokota kipande kimoja cha bomba akakigeuza geuza. Ndani kilikuwa laini, mtu alikuwa ameuzungusha udongo kwenye kijiti ungali mbichi. Nadhani alikuwa anatafuta mzaha wa kusema. Hakuupata.

Daktari alikuja siku tatu baadaye. Nilikuwa nimejaribu kuokota vipande na kuvipanga juu ya gunia, lakini yeye hakutazama gunia. Alishuka shimoni na mwiko wake, akapiga magoti, akakwangua hapa na pale akitafuta ukingo wa ukuta. Alitafuta kwa muda mrefu sana. Baba mdogo alileta chai mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaiweka chini akaenda kusimama na ng'ombe.

"Ni makosa yangu," nilimwambia Daktari. "Ningejibu."

"Si yako," akasema bila kugeuka. "Kusema ilikuwa kazi yangu. Mimi ndiye niliyekutuma wewe."

Alilia kidogo, kisha akainuka akanywa chai yote, ingawa ilikuwa imepoa, ili baba mdogo asione imebaki.

Msimu wa pili haukuwepo. Bila makaa safi hakukuwa na cha kuwaonyesha waliotoa ruhusa na msaada. Mtangazaji alipopata habari alimpigia Daktari akiwa analia, akasema atarudi na kamera aonyeshe uharibifu, awaeleze watu. Daktari alikataa. Alisema wengine watakuja kuchimba hata rundo. Mimi hadi leo sijui nani alikuwa sahihi. Labda mtangazaji angekuja, angeuliza vizuri, na safari hii ningejibu. Au ningeangalia chini tena.

Daktari alinipigia kwa miezi kadhaa, akiniahidi nafasi mahali pengine. Kisha akaniambia ameacha kuchimba kwa sasa, anafundisha tu darasani. Kisha namba yake ikawa haipatikani. Baba mdogo amepanda migomba pale. Tunasalimiana, lakini haniiti mama tena, ananiita jina langu lote kama mwalimu anayeita orodha. Ndiyo maana niko huku Kianjai, nauza maharagwe kwa mama mdogo. Jana nilijikuta nayapanga kwa tabaka kufuata rangi, mteja akaniuliza kama nayauza au nayachora.

Basi wale wa redioni, hili ndilo ningewaambia kama ningepiga. Mtangazaji anaweza. Kwa jioni moja alileta barua tisa. Lakini jioni hiyo hiyo ilileta mtaimbo, na vyote viwili vilipitia usoni mwangu. Sijui ni kipi kilikuwa kikubwa, kwa sababu mtaimbo niliuona mwisho wake na barua sikuziona.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma. Kama wewe ni mmoja wa wale tisa, au ni ndugu yako, au unamjua mwanafunzi yeyote aliyeanza akiolojia kwa sababu ya kipindi kile cha msichana aliyeangalia chini, niandikie. Mpe barua mhariri atakayechapisha haya, ataniletea. Niambie ulifika chuo, au uko shimoni mahali fulani na kamba na misumari, au uliomba ukakataliwa, au ulibadilisha nia ukaenda kusoma mambo ya kompyuta. Na kama unajua kwamba kati ya wote tisa hakuna hata mmoja aliyeendelea, andika hivyo hivyo. Usininyamazie.